Namna ya kuandaa onesho la okestra ya mtaani Dodoma kwa muziki ambao wengi hawajausikia

Ukimwambia mtu unaandaa onesho la muziki wa klasiki hapa Dodoma, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: pigeni Beethoven, pigeni Mozart, ili watu wautambue muziki. Ushauri huo una mantiki Vienna au London. Hapa kwetu msikilizaji wa Makole au Nkuhungu hajakaa na rekodi ya Beethoven kichwani akingoja kulinganisha. Kwake Beethoven na William Boyce ni wageni wawili walioshuka kwenye treni moja. Kwa hiyo huna sababu ya kujitwisha simfonia (kipande cha okestra chenye sehemu kadhaa) kubwa inayotaka wapigaji sitini ili tu uwe na jina maarufu kwenye bango. Una uhuru ambao waandaaji wengi wa Ulaya wangeutamani: chagua muziki unaowafaa watu ulionao, basi. Mwongozo huu wote umesimama juu ya hilo.

Hatua ya 1: Andika majina kabla ya kuchagua nota

Chukua daftari. Kwa kila mtu andika anapiga ala gani, anasoma nini (nota za mistari, solfa, au anashika kwa sikio), na jioni zipi yuko huru. Andika pia kama ni Msabato, maana huyo usimwite mazoezini Jumamosi.

Wapulizaji utawapata kwa urahisi kuliko wapiga nyuzi. Bendi za polisi, magereza na jeshi zina watu wanaosoma nota vizuri kuliko sisi wote. Usimvizie mpigaji mmoja mmoja pembeni ukamweka kwenye wakati mgumu na wakubwa zake. Andika barua rasmi kwa mkuu wa kikosi, mapema, ukitaja tarehe za mazoezi na ya onesho. Afande akikubali, wapigaji watakuja kwa wakati, na nidhamu yao itawatia aibu raia wanaochelewa. Bendi za matarumbeta za makanisani, hasa ya Kilutheri, ni chimbo lingine.

Fidla na selo ndiyo kazi. Ulizia kwenye kwaya zenye ala, kwa wanafunzi wa vyuo, na kwa watu waliopita Zanzibar, ambako chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kimekuwa kikifundisha tangu 2002 na fidla ina heshima yake kwenye taarabu. Mpigaji wa taarabu ana sikio kali mno. Utakachomwomba ni kuvumilia kusoma karatasi. Na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024, kumwita mpiga selo wa Dar kwa mazoezi ya Jumapili moja si jambo la ajabu tena.

Ukipata fidla sita, selo mbili, besi kubwa moja, klarineti mbili na wapuliza honi wawili (ala ya shaba ya bomba lililokunjwa), unaweza kuanza. Besi ikikosekana, kinanda kinashika sauti ya chini bila mtu kulalamika.

Hatua ya 2: Chagua nota zinazolingana na daftari lako

Nitakupa programu ninayoiamini, halafu ubadilishe utakavyo.

Fungua na William Boyce (1711–1779), Mwingereza aliyechapisha simfonia nane mwaka 1760. Usiogope neno simfonia: kila moja ni fupi, nyingi hazifiki dakika kumi, na zimejaa midundo ya kucheza. Ya kwanza, ya B flati, inataka nyuzi na oboe mbili tu (ala ya mbao ya kupuliza). Kundi la wapenzi wa muziki linaimudu, tena linatoka na sura nzuri, na hiyo mchezaji wa mara ya kwanza anaihitaji kuliko sifa.

Moyo wa programu uwe Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges (1745–1799). Alizaliwa Guadeloupe, koloni la Ufaransa katika Karibi, mama yake Nanon akiwa mtumwa na baba yake mwenye mashamba. Paris walimfahamu kwanza kwa upanga, kisha kwa fidla. Kuanzia 1773 aliongoza okestra iliyoitwa Concert des Amateurs, iliyochanganya wapigaji wa kulipwa na wale wa kujitolea, kama yako. Baadaye, akiwa na okestra nyingine ya Paris, alishughulikia mpango wa kumwagiza mtunzi Haydn simfonia sita zinazoitwa za Paris. Simfonia yake ya G, Opus 11 namba 1, ina sehemu tatu, na inataka oboe mbili, honi mbili na nyuzi. Sehemu ya fidla ya kwanza ina mbio mbio, kwa hiyo iweke kwa mtu anayefanya mazoezi nyumbani.

Ongeza na kwaya. José Maurício Nunes Garcia (1767–1830), padri wa Rio de Janeiro mwenye asili ya watumwa, alitunga Tota pulchra es Maria mwaka 1783 akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi. Ni ya kwaya na okestra ndogo, kwa Kilatini, na kwaya nzuri ya Kikatoliki itaishika haraka. Kwaya ya Kilutheri au ya Kisabato usiilazimishe wimbo wa Bikira Maria. Watakukatalia kwa upole, na hawatarudi. Hao watafutie kitu kingine.

Kama nyuzi zako zina nguvu, ongeza moja kati ya Novelletten nne za Samuel Coleridge-Taylor (1875–1912), mtunzi wa London ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone. Ni za nyuzi pamoja na tari na pembetatu ya chuma, na mpiga tari Dodoma huwezi kumkosa. Moja tu inatosha.

Kuna majina utakayoyatamani na kuyaacha. Mimi namhusudu Louise Farrenc (1804–1875), Mfaransa aliyetunga simfonia tatu kubwa na kudai, akapata, mshahara sawa na wanaume kwenye chuo cha muziki cha Paris. Lakini simfonia yake ya tatu inataka okestra kamili na zaidi ya nusu saa ya pumzi. Muache angoje mwaka ambao okestra yako itakuwa imekua.

Programu nzima isizidi saa moja na robo, bila mapumziko. Ukiweka mapumziko Jumapili jioni, nusu ya watu watakumbuka wana safari.

Hatua ya 3: Geuza nota ziwafuate watu

Nota za Boyce na Saint-Georges zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP. Zilizo nyingi ni picha za machapisho ya zamani, herufi zimefifia na mistari imebanana. Usizitoe fotokopi ukazigawa hivyo hivyo. Zinakili upya kwenye programu ya MuseScore, ambayo ni ya bure. Kazi hii ni ya majuma, na ndipo onesho linapojengwa, kwa sababu humo ndimo unapoondoa ala usizonazo.

Oboe hutaipata, kwa hiyo mpe klarineti. Klarineti ya B flati inaandikiwa toni moja juu: muziki ulio G, kwake unakuwa A, wenye shapu tatu. Fluti inaweza kuchukua sehemu ya oboe ya kwanza bila kubadilisha kitu.

Viola, ndugu ya fidla mwenye sauti ya chini zaidi, ni adimu pia. Mpe mpiga fidla sehemu hiyo, ila iandike upya kwa ufunguo anaoujua, na kumbuka kwamba uzi wa chini wa viola ni C wakati fidla inaishia G. Nota zilizo chini ya hapo zipandishe oktava moja, au ziache kwa selo.

Honi za Saint-Georges zimeandikwa kwa honi ya G. Kama wapulizaji wako wana honi za E flati za bendi, C ya kwenye karatasi inakuwa E, na wanajikuta na shapu nne. Watanuna. Waoneshe kwamba nota zenyewe ni chache na zinarudiarudia, watatulia. Kwa nini ni chache nitaeleza kwenye Hatua ya 8, ya ilimba (ala ya Wagogo yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba).

Sasa solfa. Watu wengi waliokulia kwaya wanasoma d r m f s l t kwa kasi ambayo mhitimu wa chuo haifikii, lakini ukimwekea mistari mitano anaganda. Usimdharau. Juu ya mistari mwandikie solfa kwa penseli kwenye majuma ya mwanzo, uandike na do iko wapi. Kila juma punguza solfa kwenye vifungu alivyokwisha kuvizoea. Mpiga besi anaweza kubaki na solfa hadi siku ya onesho, na hakuna atakayejua.

Hatua ya 4: Hakimiliki na kibali

Watunzi niliowataja wamefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa hiyo nyimbo zao ni huru. Ukitaka mtunzi wa karibu, kwa mfano Fela Sowande wa Nigeria, aliyefariki 1987 na kutuachia African Suite tamu ya nyuzi, nota hizo bado zina wenyewe. Nunua au kodi nota, na uwaone COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwa kibali cha shughuli yenyewe, anza na afisa utamaduni wa jiji. Yeye ndiye atakueleza ni karatasi zipi na kama jambo lako linapitia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Hatua ya 5: Tarehe, saa na paa

Mvua zetu zinaanza Desemba na kuisha Aprili. Kumbi nyingi na makanisa mengi yameezekwa bati, na mvua ikipiga bati hata tromboni inanyamaza, sembuse fidla. Aprili hadi mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti. Mji umejaa, kumbi ghali, na watumishi unaowategemea wako ofisini usiku. Julai na mwanzo wa Agosti upepo unavuma, halafu Nane Nane inawavuta watu Nzuguni. Mimi nachagua Septemba.

Siku iwe Jumapili, saa kumi alasiri. Wasabato wamemaliza Sabato yao, wengine wametoka kanisani na wamekula. Faida nyingine ni mwanga: jua letu linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, kwa hiyo umeme ukikatika saa kumi na moja, mtu wa mstari wa nyuma bado anasoma nota zake. Okestra haitumii spika. Umeme wa nini?

Ukumbi wa kwanza wa kufikiria ni kanisa lenye kuta za mawe au tofali na dari ya juu. Ingia, piga kofi moja katikati. Sauti ikidumu kidogo na kufa, pazuri. Ikirudi mara mbili tatu kama inakujibu, muziki wa haraka wa Saint-Georges utageuka uji. Kumbi kubwa za mikutano zimetengenezwa kwa vipaza sauti na mazulia. Fidla sita humo zinapotea. Na uwanja wa wazi, hata kama ni bure, achana nao.

Ongea na mlinzi wa ukumbi kuhusu feni. Zizimwe dakika zote za muziki. Zinanguruma, tena zinapeperusha karatasi. Upepo wa madirishani utaudhibiti kwa vibanio vya nguo, viwili kwa kila stendi. Nunua pakiti nzima.

Hatua ya 6: Mazoezi

Watumishi wanatoka saa tisa na nusu, kwa hiyo saa kumi na moja jioni kila mtu anaweza kufika. Kabla ya kupanga siku, uliza ratiba za kwaya. Ukigongana na mazoezi ya kwaya, kwaya itashinda kila mara, na ni haki yake.

Anza na makundi: nyuzi peke yao, wapulizaji peke yao. Ukiwachanganya siku ya kwanza, matarumbeta yatawafunika wapiga fidla wanaoanza, nao watajifunza kupiga kwa woga. Waunganishe pale nyuzi zinapoweza kupiga Boyce mwanzo hadi mwisho bila kusimama, hata kama polepole.

Wapulizaji wa bendi wamezoea gwaride, nje, juani. Ndani ya kanisa wanahitaji kupiga nusu ya sauti waliyoizoea. Kuwaambia "punguzeni" hakusaidii. Waambie wapige huku wakimsikiliza mpiga selo wa pili. Wasipomsikia, wao ndio wamezidi. Maelekezo haya wanayaelewa mara moja.

Hatua ya 7: Ukavu wa Dodoma na ala za mbao

Hapa waalikwa kutoka pwani hushangaa. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu sana, na mbao hunywea. Vigingi vya fidla vinateleza, nyuzi zinalegea zenyewe usiku, na ala ya bei nafuu inaweza kupasuka kifuani. Dawa ni rahisi: chukua kiboksi cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu, weka ndani kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, ukilaze ndani ya kasha la fidla kisiguse mbao. Kagua kila baada ya siku mbili. Kigingi kinachoteleza kipake chaki kidogo.

Ala isiachwe ndani ya gari juani hata kwa dakika za kununua maji. Gundi ya asili inayoshikilia fidla inalainika kwa joto, na shingo inaweza kung'oka. Selo ikisafiri kwa bajaji, mwenye selo akae nayo, si dereva aambiwe aifikishe.

Joto pia huwapandisha wapulizaji sauti, huku nyuzi zikishuka. Rekebisheni sauti mara mbili, kabla ya kuanza na kabla ya Saint-Georges, mkimfuata mpiga klarineti baada ya kupuliza kidogo ala ikapata moto.

Hatua ya 8: Ilimba ipewe nafasi yake

Usiandae onesho la muziki Ugogoni bila muziki wa Wagogo. Si kwa ajili ya mapambo. Kuna undugu wa kweli hapa, na watu wako wanastahili kuusikia.

Bomba la shaba lisilo na vali (vibonyezo vya kubadilisha sauti) linatoa sauti chache tu, zile za asili, kila moja ikiwa mahali pake na haisogei. Honi za wakati wa Saint-Georges zilikuwa hivyo; vali zilikuja mwanzoni mwa karne ya 19. Ndiyo maana nota zao ni chache. Watafiti wa muziki, akiwemo Gerhard Kubik, wameonesha kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo, kwenye uimbaji na kwenye ilimba, inafuata mfululizo huo huo wa asili. Ilimba ambayo mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose (aliyefariki 2003) aliipeleka duniani na honi ya Paris ya 1779 zinakunywa kisima kimoja.

Kwa hiyo fanya hivi. Wapiga ilimba na zeze wapige peke yao, wimbo wao, urefu wanaoutaka. Wakimaliza, mpuliza honi asimame, asibonyeze vali yoyote, apande sauti za bomba tupu moja baada ya nyingine, polepole. Kisha okestra iingie na Saint-Georges. Hakuna hotuba itakayoeleza zaidi ya hapo.

Usichofanya ni kumwomba mzee airekebishe ilimba ifuate kinanda. Sauti ya saba katika mfululizo wa asili iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Kwa aliyezoea kinanda inasikika kama imekosewa. Haijakosewa. Ukiisogeza, umemharibia mtu ala yake ili wewe ustarehe. Kwa sababu hiyo hiyo ilimba na okestra zisipige kwa wakati mmoja, labda ngoma tu.

Wapigaji wa kuwafuata wako Chamwino, ambako hufanyika tamasha la muziki wa Kigogo. Nenda mwenyewe, msalimie mzee "mbukwenyi" kabla ya kutaja shida yako, kaa, sikiliza. Makubaliano ya malipo yafanyike hapo, kwa kiasi kinachoeleweka. Soda na nauli si malipo.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Kwaya iwekwe karibu na mwisho, si mwanzoni. Ndugu wa wanakwaya ndio watajaza viti vyako, na kwaya ikiimba mapema wataondoka nayo.

Mshereheshaji aseme maneno machache kabla ya kila kipande, kwa Kiswahili cha kawaida. Mfano kwa Saint-Georges: "Ndugu zangu, shikamooni wazee. Muziki huu una sehemu tatu: ya haraka, ya polepole, ya haraka tena. Aliyeutunga mama yake alikuwa mtumwa, naye akaja kuwa kiongozi wa okestra katika mji wa mfalme wa Ufaransa. Sikilizeni honi mbili pale nyuma." Basi. Mkataze kumwita Saint-Georges "Mozart mweusi", kama wengi wanavyomwita. Mtu mwenye jina lake haazimishwi la mwingine.

Watu wakipiga makofi au vigelegele kati ya sehemu na sehemu, mwongozaji ageuke, atabasamu, aendelee. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba watu walishangilia katikati kabisa ya sehemu ya kwanza ya simfonia yake mpya. Ukimya wa kumbi za leo ni desturi ya baadaye. Watoto wakae mbele, chini, kwenye mkeka, wanapoona mikono ya wapigaji.

Kiingilio kiwe kidogo au kisiwepo, na kikapu kikae mlangoni wakati wa kutoka. Weka mtu mwaminifu na namba ya simu ya kupokea michango iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Nota zote zikusanywe jioni hiyo hiyo, kila sehemu kwenye bahasha yake yenye jina la ala, kabla watu hawajaanza kupiga picha na kusambaa. Karatasi ikishafika nyumbani kwa mtu, imegeuka karatasi ya kufungia vitumbua. Wakati mmoja anakusanya nota, mwingine awalipe wazee wa ilimba taslimu, mkononi, mapema wawahi daladala za Chamwino.